Mngurumo wa Mashine ya Arvo

Kalevi alipiga simu Jumatano jioni, mikono ya mama yake ikiwa ndani ya unga, na kwa kuwa ni mtoto mwema alianza na habari njema.

"Mama, nimekununulia mashine mpya ya kuondolea theluji. Ya betri hiyo! Nyepesi, unaisukuma kwa mkono mmoja. Na haina kelele hata kidogo."

"Haina kelele?"

"Hata paka hashtuki. Jumapili nakuletea. Halafu ule mkweche wa Baba naupakia kwenye gari, naupeleka kwa watu wa vyuma chakavu. Utapata na nafasi bandani."

Lempi Ruonavaara aliishika simu kwa vidole viwili isijae unga, akatazama dirishani. Theluji ya kwanza nzito ya msimu ilikuwa imeanza kushuka. Angesema nini? Mtoto anaendesha gari kutoka Green Bay, njia yote hiyo yenye utelezi, kumletea mamake zawadi.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Uendeshe polepole."

Kisha akarudi kwenye unga wake, akaukanda kwa hasira mpaka ukawa mgumu wa kutupia mbwa.

Mume wake, Arvo, alikufa Machi. Huku kwetu Tapiola, kijiji cha kaskazini cha wajukuu wa Wafini, anayekufa Machi huzikwa Mei, kwa sababu ardhi imeganda na haichimbiki, kwa hiyo mjane hulia mara mbili, na hiyo ya pili ndiyo mbaya, maana wenzake wameshamaliza kulia. Lempi alilia mara zote mbili kwa adabu, leso mkononi, akawapa watu kahawa. Walimsifu kwa uvumilivu wake. Hakuna aliyejua kinachomuuma hasa. Alimkosa Arvo mzima mzima, hilo halina ubishi, ila kulikuwa na kitu kimoja alichokikosa kuliko vyote, nacho kilikuwa cha kuchekesha hata kukitamka, ndiyo sababu hakumtamkia mtu. Alikuwa anaukosa mngurumo wa mashine ya theluji.

Miaka yote ya ndoa yao, theluji ikianguka usiku, Arvo aliamka giza bado halijatoka, akavaa soksi gizani, akatoka kwa kunyata kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe. Na baada ya kunyata kote huko, akawasha mashine iliyoamsha barabara nzima. Lempi aliisikia akiwa chini ya blanketi. Kwanza kikohozi, kisha mngurumo, kisha mngurumo ukienda mbali hadi kwenye sanduku la barua kule barabarani, ukirudi, ukizunguka rundo la kuni, ukipita chini ya dirisha hadi vioo vikatetemeka. Halafu kimya. Halafu buti zikakung'utwa kwenye ngazi, na mkono wa baridi ukaingia chini ya blanketi kuitafuta shingo yake. "Shetani wee!" alipiga kelele kila mara, na kila mara Arvo alicheka kana kwamba ndiyo kwanza amebuni mchezo huo.

Theluji yenyewe haikuwa shida. Urho Pelkola, jirani wa ng'ambo ya barabara, kapera aliyezeekea ukapera wake, ana gari lenye jembe la chuma mbele, na njia ya Lempi angeisafisha bila kuombwa na bila kushukuriwa. Huku kwetu ukimshukuru jirani kwa jambo kama hilo unamtia aibu, atakukwepa wiki nzima. Kwa hiyo theluji ingeondoka tu. Lempi alichotaka ni kuusikia ule mngurumo tena, japo mara moja, kabla Kalevi hajaja na ukimya wake wa betri.

Alhamisi asubuhi akavaa koti la Arvo, akaenda bandani.

Mashine ilikuwa pale pale, nyekundu iliyochakaa, bomba la kurushia theluji likiwa limegeuzwa upande wa kushoto. Akafungua tangi akachungulia. Limejaa hadi shingoni. Arvo hakuwahi kuiacha mashine na tangi nusu; kila akimaliza kazi aliijaza, ili asubuhi ya theluji imkute tayari. Haya basi ndiyo mafuta yake ya mwisho. Aliyamimina kwa mkono wake, akafunga kifuniko, akaingia ndani, na wiki hiyo hiyo akafa.

Akafungua koki ya petroli, akavuta choki ya kubana hewa, akabonyeza kile kimpira cha kusukumia petroli, akavuta kamba. Hola. Akavuta tena. Mashine ikakohoa mara mbili, ikatetemeka, ikanyamaza. Alivuta mpaka bega likamwaka moto. Kila choki ilipokuwa imefungwa iliwaka kwa pumzi chache, ikipanda na kushuka kama mtu anayezama na kuibuka, na kila alipoifungua ilizimika.

"Usinifanyie hivyo," aliiambia. "Na wewe pia?"

Sasa, msidhani Lempi hakujua kitu. Kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa anamshikia Arvo tochi. Hakuwahi kushika spana, lakini alimulika kila kazi, akitukanwa kwa kila kazi. "Mulika hapa, si usoni mwangu! Lempi, unamulika ukuta!" Mtu anayemulika huona yote. Hakujua majina ya vitu ila alijua vilipo na vinafunguliwa kwa mpangilio gani. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini kama alivyokuwa akifanya Arvo, akavuta kamba, akaona cheche ya buluu ikiruka. Moto upo. Plagi yenyewe ilikuwa kavu kabisa. Basi petroli haifiki.

Akaunusa mdomo wa tangi. Badala ya petroli, palinukia rangi ya mbao iliyochacha.

Hapo alijua ugonjwa na alijua dawa. Petroli ikikaa kiangazi kizima huoza, ikaacha gundi ndani ya kabureta. Kila mwaka theluji ikiisha, Arvo aliiwasha mashine nje uani, akafunga koki, akaiacha ingurume mpaka ikanyonya tone la mwisho na kufa yenyewe kwa kiu. Mwaka huu hapakuwa na mtu wa kuiua kwa kiu. Lempi alikuwa akisubiri ardhi iyeyuke. Sasa dawa ilikuwa kumwaga mafuta yote, kuifungua kabureta na kuisafisha. Dawa nyepesi tu. Alisimama na dumu tupu mkononi, akalitazama tangi, akashindwa.

Akalirudisha dumu mahali pake, akarudi ndani.

Siku nzima ya Alhamisi alijaribu kila kitu isipokuwa hicho. Aliweka plagi mpya. Alileta taa ya moto kuipasha injini joto. Aliisukuma uani ili ipate jua, kana kwamba Novemba ina jua. Aliibembeleza, akaitukana kwa Kifini cha bibi yake, ambacho kwa matusi hakina mpinzani. Haikuwaka.

Ijumaa Urho akaja kunywa kahawa. Aliingia bila kubisha, akavua buti, akaketi kwenye kiti chake kile kile, akasubiri kikombe. Lempi akamkatia nisu, mkate mtamu wa iliki, ule aliouokoa kwenye unga wa hasira.

"Mgumu leo," alisema Urho, akikata kipande cha pili.

"Kama mgumu uache."

"Sijasema sitakula. Nimesema mgumu." Akachovya kwenye kahawa. "Nimesikia jana unavuta kamba. Nikasema huyu mwanamke atang'oa bega. Cheche ipo?"

"Ipo."

"Umemwaga mafuta?"

Lempi akaangalia kikombe chake. Hakukusudia kumwambia mtu, lakini Urho alikuwa rafiki wa Arvo tangu wakiwa wanavuja makamasi, na Jumapili ilikuwa karibu.

"Siwezi kuyamwaga, Urho. Ndiyo aliyoyatia yeye mwisho. Nikifungua tangi nikayaona yamejaa vile, naona kama ametoka sasa hivi. Wewe cheka tu."

Urho hakucheka. Kisha akaanza kueleza habari za kulungu aliyekula miche yake ya tufaha, na paa la kanisa linalovuja, akala kipande cha tatu na cha nne cha mkate aliousema mgumu, na uso ukawa mwekundu mpaka masikioni. Lempi alimtazama akajua kuna jambo. Huku kwetu mtu hasemi jambo lake akiwa ameketi. Hunywa kahawa, huzungumza ya kulungu, na jambo lenyewe hulisema mlangoni, glavu mkononi, kana kwamba limemjia tu sasa hivi.

Akasubiri. Urho akavaa buti. Akavaa koti. Akashika kitasa cha mlango, akakitazama kitasa hicho kwa makini sana.

"Lempi."

"Ee."

"Yale mafuta niliyajaza mimi."

"Mafuta gani?"

"Ya kwenye tangi. Wewe ulikuwa kwa Kalevi Aprili, ikaanguka ile theluji ya mwisho, nzito, ya maji. Gari langu lingechimbua ua wako wote, ardhi ilishaanza kulainika. Nikachukua mashine ya Arvo. Nilipomaliza, tangi lilikuwa limekwisha. Na wewe unajua, huwezi kurudisha mashine ya mtu ikiwa tupu. Nikaijaza." Akageuza kitasa, akakirudisha. "Nilijua inatakiwa ikaushwe. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale pale. Lakini kukausha mashine ya mtu, na mtu mwenyewe hata hajazikwa... Niliona si kazi yangu."

Lempi akaweka kikombe chini. Kwa hiyo miezi yote hiyo, kila alipokwenda bandani kuchukua koleo, alikuwa akipita karibu na tangi na kuligusa kwa kiganja. Alikuwa akiyapapasa mafuta ya Urho Pelkola.

"Mjinga wewe!" alisema. "Mzee mjinga kabisa! Umeijaza kwa adabu ukaiua kwa adabu!"

"Ndiyo."

"Na mimi jana nimeipasha moto injini yenye uozo wako!"

"Nilikuona. Nilikuwa dirishani."

"Ukaniangalia tu?"

"Hukuniita," alisema Urho, na ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, maana hakuitwa.

Hapo kitu kikamponyoka Lempi. Alidhani ni kilio, kumbe kicheko, kicheko kibaya kisichokuwa na breki, mpaka akashika ukingo wa meza. Kilipokwisha kikamwachia uchungu mahali pake. Hata hilo tone la mwisho la Arvo halikuwepo. Liliungua Aprili, uani, yeye hayupo.

"Vua koti," alimwambia, akijifuta macho. "Utanishikia tochi."

Waliyamwaga mafuta kwenye dumu, meusi-meusi yenye kunuka. Lempi alifungua kabureta, akailaza juu ya magazeti kwenye meza ya jikoni, mahali pa mkate. Kikombe cha chini kilitoka kwa shida. Ndani kulikuwa na ute wa rangi ya chai iliyokaa. Kile kijitundu chembamba ambamo petroli hupita kwenda juu kilikuwa kimezibwa kabisa. Akachukua waya mdogo wa kufungia mfuko wa mkate, akaumenya karatasi yake kwa meno, akaanza kukizibua taratibu.

"Mulika hapa," alisema.

Urho akamulika.

"Hapa, Urho! Unamulika sukari!"

Akajisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti yake, lakini maneno yalikuwa ya mtu mwingine, hata ule mkato wa hasira mwishoni. Mkono ukasita. Arvo alikuwa akiinama vivi hivi, akipumulia puani, na yeye nyuma yake akitamani kwenda kulala. Mara ngapi alikuwa ametamani kazi hiyo iishe upesi! Angepewa jioni moja tu kati ya zile, angeishika tochi mpaka asubuhi, na atukanwe anavyotaka.

"Unamkumbuka," alisema Urho.

"Mulika," alisema Lempi.

Alikisafisha kijitundu mpaka akaona mwanga wa tochi upande wa pili. Akapuliza, akafuta, akarudisha kila kitu kwa mpangilio ule ule alioumulika maisha yake yote. Jumamosi mchana wakaisukuma uani, wakatia petroli mpya. Lempi akavuta choki, akabonyeza kimpira, akavuta kamba. Mashine ikakohoa. Akavuta tena, na ikanguruma, ikatoa moshi mweupe, akafungua choki polepole, ikaendelea kunguruma, nzito, imetulia, kama zamani.

Urho alivua kofia. Sijui kwa nini, hata yeye hajui.

Lempi akashika mipini, akaisukuma hadi kwenye sanduku la barua na kurudi. Theluji mpya ya usiku ilirukia kushoto kama Arvo alivyoipanga. Mikono ilikufa ganzi kwa mtetemo, masikio yakaziba, na alipofika tena kwenye kuni akaizima, akasimama. Haikuwa yenyewe. Hii ilikuwa kelele tu, kelele ya mashine, ikimpigia usoni. Ule mngurumo aliokuwa akiutamani hausikiki ukiwa umeshika mipini. Unasikika ukiwa umelala.

Urho alikuwa ameshaanza kuondoka. Lempi akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa barabara yetu angelifanya, akaomba waziwazi, mchana kweupe, bila kahawa.

"Urho! Kesho asubuhi, giza bado halijatoka, njoo uiwashe. Uipeleke hadi kwenye sanduku la barua, uizungushe kwenye kuni, uipitishe chini ya dirisha langu. Mimi nitakuwa kitandani."

Urho aligeuka. Hakuuliza kwa nini.

"Hata isipoanguka theluji?"

"Hata isipoanguka."

Ilianguka. Lempi alikuwa macho kabla ya kusikia chochote, amelala ubavu, amegeukia ukuta kama alivyokuwa akilala siku zote, nusu ya kitanda ikiwa tupu nyuma yake. Kisha kikohozi. Kisha mngurumo. Alifumba macho. Ukaenda mbali, ukawa mdogo kule barabarani, ukarudi. Ukazunguka kuni. Mwili wote ukamlegea, hata vidole vya miguu. Tangu Machi hakuwa amelegea hivyo. Ukapita chini ya dirisha, vioo vikatetemeka, naye akawa yuko pale, miaka ile, hana la kufanya wala la kusikitikia, mumewe yuko nje na dunia inashughulikiwa.

Halafu kimya.

Alisubiri buti. Hakujua kwamba anazisubiri mpaka alipoona ameshika pumzi na shingo imejikaza tayari kwa baridi. Ngazi ikanyamaza. Urho, kwa adabu zake, alikuwa ameiingiza mashine bandani na kwenda zake kwa kunyata. Basi ndipo Lempi akalia, bila leso na bila adabu, uso ndani ya mto, kilio ambacho hakukilia Machi wala Mei, kwa sababu sasa alijua alichokuwa akikitamani hakikuwa mngurumo. Ulikuwa ni ule mwisho wake, buti ngazini na mkono wa baridi shingoni.

Kalevi alifika mchana, akakuta njia imesafishwa kingo zimenyooka kama kwa rula.

"Nani kafanya hivi?"

"Mashine ya baba yako."

"Inawaka?" Akaduwaa, kisha uso ukamshuka, maskini, mikono ikiwa bado kwenye boksi la zawadi yake. "Basi hii niirudishe, Mama?"

"Weka hapo," alisema Lempi. "Umesema haina kelele, si ndiyo? Naitaka. Nitasafishia nayo mpaka kwenye kuni. Ile ya baba yako isukume ng'ambo, kwa Urho. Ni yake."

Urho, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kahawa, alitazama buti zake. "Mimi nina gari."

"Gari halifiki mlangoni pako, unaruka theluji kama mbuzi kila asubuhi, nakuona. Mimi pia nina dirisha." Akammiminia. "Ila theluji ikiisha, Urho, utaiwasha nje na kuiacha mpaka inyonye tone la mwisho. Nisije nikaikuta imejaa."

"Utakuja kumulika?"

"Nitakuja kukutukana."

Theluji iliyofuata ilishuka katikati ya wiki, usiku kucha. Alfajiri mngurumo ukaja kutoka ng'ambo ya barabara, mdogo, umepita kuta mbili, vioo havikutetemeka. Lempi aliusikiliza akiwa amegeukia ukuta. Uliponyamaza, buti zikakung'utwa kule, kwenye ngazi ya mtu mwingine, na yeye akalivuta blanketi hadi shingoni kwa mkono wake mwenyewe.